Ukikasirika Umeshindwa

Pale chuoni sheria ya utani ilikuwa moja tu, na ilikuwa sheria ya kijinga: ukikasirika umeshindwa. Watu wakufananishe na mbuzi, wamtaje bibi yako na pengo lake, wakucheze shere mpaka basi, wewe tabasamu. Ukiinua sauti, ukisimama, ukitoa chozi, kundi lako lote limeshindwa. Aliyeitunga sheria hiyo hajulikani, lakini mimi nasema alikuwa mtu ambaye hajawahi kuguswa panapouma.

Makundi yalikuwa mawili. Wanafunzi wa sayansi waliitwa Makoti, kwa sababu ya yale makoti meupe ya maabara waliyopenda kutembea nayo hata kwenye foleni ya chakula, ili watu wajue. Wale wa sanaa na sayansi ya jamii waliitwa Porojo, na hilo jina halihitaji mkalimani. Makoti walisema Porojo wanasomea mambo ambayo bibi zao waliyajua bila kwenda shule. Porojo walisema Makoti wanajua uzito wa chumvi lakini hawajui kumsalimia mtu. Koti akipita kwenye ngazi, Porojo anamwita, "Daktari, hebu nipimie huu upendo wangu, una nyuzi ngapi?" Porojo akikimbilia darasani, Koti anamwambia, "Taratibu kaka, ajira yenyewe haikungoji." Wanacheka, wanaazimana sabuni, maisha yanaendelea.

Mara moja kwa mwaka, kabla ya mitihani, utani huo ulipandishwa jukwaani. Jumamosi baada ya chakula cha mchana, meza za bwalo zinasukumwa ukutani, kiti kimoja kinawekwa mbele. Kundi moja linamchagua mtu wa upande wa pili akae, kisha linamtoa mtaniaji wake amtanie mpaka kengele ilie. Anayekaa akivumilia, anapewa haki ya swali moja, na mtaniaji lazima alijibu papo hapo. Akigoma kujibu, ameshindwa yeye. Kundi linaloshinda linapewa chumba cha kusomea cha ghorofani, chenye madirisha makubwa na feni zinazozunguka kweli. Linaloshindwa linasomea bwaloni na harufu ya vitunguu.

Mwaka huo Porojo walimtaka Kibiriti akae kitini. Nani asingemtaka? Msichana wa kemia, mwaka wa mwisho, mfupi, mwembamba, na jina lenyewe linajieleza: ukimkwaruza kidogo tu anawaka. Na mtaniaji wakamtoa Kinanda, kijana wa fasihi na historia, golikipa wa timu yao, mdomo haulali. Kinanda alikuwa mdogo wake Kibiriti. Baba mmoja, mama mmoja, walilala chumba kimoja utoto wao wote. Porojo walijua wanachofanya.

Asubuhi ya siku hiyo Kibiriti alimkuta mdogo wake kwenye kamba za nguo, anaanika jezi.

"Dada, leo nakukaanga," Kinanda alisema, meno yote nje.

"Kaanga tu. Sema nakoroma, sema sijui kupika, sema lolote. Mambo ya baba yaache."

"Kwani mimi mtoto?"

"Nisikilize kwanza. Mizani atakuwepo leo."

Mizani ndilo jina walilompa mkuu wa maabara, mwalimu mwenye mvi na miwani, aliyepima kila kitu, hata maneno. Jumatatu alitakiwa amteue msaidizi wake mpya katika wanaomaliza, na waliobaki walikuwa wawili, Kibiriti na kijana mmoja wa fizikia. Msaidizi ndiye anayekaa na ufunguo wa stoo ya kemikali. Kibiriti aliutaka ule ufunguo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na Kinanda alijua ni kwa nini. Nyumbani kwao hakuna mtu aliyekubali kupokea chupa mkononi mwa Kibiriti. Hata maji ya kunywa akimmiminia baba, baba anayatazama, anayasogeza pembeni, anakwenda kujimiminia mwenyewe. Sasa ametokea mtu mzima, mwenye akili zake, anayefikiria kumkabidhi chupa zote za hatari za chuo kizima. Hebu fikiria mtu kama huyo anavyolala usiku na hilo tumaini.

"Ndiyo maana nakwambia," Kibiriti alisema. "Lile jambo usiliguse hata kwa ncha ya ulimi."

"Dada, niamini basi. Mimi ni mdogo wako."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Bwalo lilifurika. Porojo upande wa madirisha, Makoti upande wa jikoni, walimu kwenye viti vya mbele, Mizani katikati yao amekunja mikono. Kiongozi wa wanafunzi akagonga kengele, na Kinanda akapanda jukwaani kwa madaha kama bwana harusi.

Mwanzo ulikuwa mzuri, tusimnyime haki yake. Alisema dada yake akipika chai anakaa kuyasubiri majani yalete matokeo. Alisema kuna mchumba alimwandikia barua ya mapenzi, dada akaisahihisha kwa wino mwekundu na kuirudisha, kumi na moja kwa ishirini, "rudia jaribio." Alisema dada akikoroma, majirani wanatoka nje kuuliza nani kanunua jenereta. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kibiriti naye akacheka, tena kicheko cha kweli, maana hiyo barua ilikuwepo na alama zilikuwa hizo hizo.

Na hapo ndipo Kinanda alipoanza kupotea. Anayetaniwa akicheka, mtaniaji amekosa pa kushika. Makoti wakaanza kupiga meza, "Hachemki! Hachemki!" Kinanda akajaribu ya viatu, ikapita kavu. Akajaribu ya hesabu za bajeti ya mama, akacheka yeye peke yake. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Wenzake nyuma wakaanza kuguna, na mmoja akapaza sauti, "Kinanda, betri imekwisha?"

Betri. Laiti yule mpumbavu angekaa kimya.

Kinanda akageuka, akamtazama dada yake, na Kibiriti akajua. Alimwona akifika mlangoni pa lile jambo, akamwona akishika komeo. Akatikisa kichwa, kidogo tu, hapana. Kinanda akaangalia pembeni.

"Mnataka kujua jaribio la kwanza kabisa la mwanasayansi wetu?" akauliza, na sauti yake ikarudi na nguvu zake zote. "Baba yetu ni fundi betri. Karakana yetu imejaa maji ya betri, mnayajua, yale yanayotoboa nguo. Sasa huyu binti, ana miaka kumi na mitatu, tayari profesa, akaona dumu halipendezi. Akachukua maji ya betri, akayatia kwenye chupa ya maji ya kunywa ya baba. Chupa safi, kizibo safi! Baba akaja na joto lake, akachukua chupa, akanawa uso." Akafunga jicho moja kwa kiganja, akayumba jukwaani kama anayepapasa ukuta. "Tangu siku hiyo baba anaiona sayansi kwa jicho moja tu!"

Wakacheka. Ndiyo, jamani, wakacheka. Si wote, lakini waliotosha. Makoti wengine nao walicheka, wale ambao kicheko huwatoka kabla hawajajua wanachekea nini. Mizani hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akamtazama Kibiriti kwa muda mrefu.

Kibiriti alishika pande zote mbili za kiti. Ilimpanda hasira ya moto, ya kutaka kumrukia mdogo wake amng'oe ulimi mbele ya watu. Alitaka kuvunja kitu. Alitaka kulia na alijichukia kwa kutaka kulia. Alimwona kila aliyekuwa anacheka mle ndani, akawahifadhi kichwani mmoja mmoja. Akajikaza kisabuni, akauma meno.

Kwa sababu haikuwa kweli. Siku ile Kibiriti alikuwa bombani, foleni ya maji, ndoo mbili. Alirudi akakuta baba anapiga kelele na mama anamwagia maji usoni, na nyuma ya matairi akamkuta mdogo wake amejikunja, suruali imelowa, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Ni yeye aliyeyamimina yale maji ya betri kwenye chupa, maana alikuwa amelitaka lile dumu. Alitaka kulikata atengeneze ngoma. Baba mdogo akaingia na mkanda mkononi, akanguruma, "Nani kafanya hivi?" na Kibiriti akasema, "Mimi." Neno moja. Alidhani atachapwa, yataisha. Kuchapwa kuliisha siku hiyo hiyo. Mengine yamechukua miaka tisa na bado yanadai. Na usiku ule, kwa mwanga wa kibatari, ni yeye aliyekifunga kidonda cha yule mtoto ili mama asikione.

Na mtoto huyo huyo leo yuko jukwaani, anapiga magoti kwa makofi ya watu.

Kengele ikalia. Kibiriti alikuwa bado amekaa. Hakuinua sauti, hakusimama, hakutoa chozi. Makoti wakaruka juu ya meza, "Hakuchemka! Hakuchemka!"

"Swali!" akasema kiongozi wa wanafunzi. "Mwenye kiti ana swali lake moja."

Kila mtu alitegemea swali la mzaha, la kumwaibisha Kinanda kwa kufeli kwake hesabu. Kibiriti alivuta pumzi. Alimjua mdogo wake kuliko Kinanda alivyojijua. Alijua kwamba hadithi ikimnogea anaingia ndani yake mzima mzima, na akishaingia hajui tena mlango wa kutokea uko wapi. Mtu wa maabara angejibu kwa sentensi moja akanyamaza. Huyu hakuwa mtu wa maabara.

"Waeleze watu," akasema, sauti yake ya chini, karibu ya upole. "Nilimiminaje?"

Kinanda akacheka. Swali la bure hilo! Akapandisha mikono ya shati.

"Alimiminaje? Ngojeni niwaoneshe. Dumu lenyewe zito, na mtoto mikono yake midogo. Akachana jalada la daftari, lile gumu, akalikunja hivi likawa faneli. Akachuchumaa nyuma ya matairi, baba asimwone. Chupa kaibana kwa magoti. Anamimina, polepole, ulimi nje, harufu inamwingia puani mpaka machozi. Mara jalada likalainika! Likaanza kuvuja! Tone likaruka, likamwangukia hapa, juu ya goti kidogo, jamani lilivyochoma, akauma ukosi wa shati asipige kelele, akatema mate, akapangusa kwa mchanga, mchanga ndio ukazidisha..."

Mkono wake ulikuwa umeshika paja lake la kushoto. Alikuwa analisugua, uso umekunjamana kwa maumivu, jasho limemtoka, na bwalo zima lilikuwa likimfuata kama watoto. Alikuwa hodari, Mungu ashuhudie. Sijawahi kuona mtu akijisimulia vizuri namna ile.

Kutoka upande wa Porojo, beki wa timu yao akauliza, bila ubaya wowote, "Sasa Kinanda, si hapo ndipo penye kovu lako?"

Kila aliyewahi kutazama mpira pale chuoni alilijua lile kovu. Golikipa wa kaptura, kovu jeupe la ukubwa wa kiganja cha mtoto, mwenyewe akisema ni la pasi ya nguo. Mtu mmoja akacheka, akakosa mwenzake, akanyamaza. Kinanda akautazama mkono wake pale ulipo. Akaupandisha haraka, akautia mfukoni, na rangi ikamtoka usoni.

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Sasa ulikuwa umetumbuka, na kila mtu alikuwa ameuona.

Kibiriti alihisi kitu kinafunguka kifuani. Si furaha, lakini kinakaribia. Akageuza macho kwa Mizani, maana yote haya ameyavumilia kwa ajili ya mtu mmoja tu mle ndani, na mtu huyo sasa ameusikia ukweli kutoka kwenye mdomo wa aliyetenda. Mizani alikuwa ameshasimama. Alitembea mpaka mbele ya kiti, akaongea kama anavyoongea maabara, bila haraka.

"Binti, hukumimina wewe."

"Sikumimina, Mwalimu."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Nilikuwa bombani."

"Na walipouliza, ulisema ni wewe."

"Ndiyo, Mwalimu."

Mizani akatikisa kichwa polepole. Alionekana ana huzuni, na hilo ndilo lililouma zaidi, kwamba alikuwa na huzuni ya kweli.

"Nilikuwa nimeshaamua," akasema. "Ilikuwa ni wewe. Hata hiyo habari ya chupa isingenibadilisha, mtoto ni mtoto, anakosea, anajifunza. Lakini hili limenibadilisha. Mle stoo siku moja kitu kitamwagika. Siku hiyo nitakuuliza nani, nikiwa na mtu anayeungua mbele yangu. Nitataka jina la aliyemwaga. Sitataka jina la anayempenda." Akashusha sauti. "Siwezi kukupa ule ufunguo. Samahani, binti."

Kibiriti akasimama.

Alisimama kwa nguvu kiasi kwamba kiti kilianguka nyuma yake na kusota sakafuni.

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu!" akapiga kelele, sauti ikapasuka. "Kumi na mitatu! Baba mdogo ana mkanda mkononi, mtoto amejikojolea, ningesema nini? Ningemtoa? Wewe ungemtoa? Nikifanya ndiyo kosa, nisipofanya ndiyo kosa! Baba hanywi maji yangu, wewe hunipi ufunguo, na huyu," akamnyooshea kidole Kinanda, "huyu mnampigia makofi! Makofi! Nyote mmecheka! Nimewaona, mmoja mmoja nimewaona! Jicho la mzee wangu mmelichekea, kisha mnanifundisha mimi ukweli? Mwalimu, uliza vizuri basi, pima vizuri! Pima na miaka tisa!"

Machozi yalikuwa yanamwagika na hakuyapangusa. Mizani alivua miwani tena.

Kisha mtu mmoja huko nyuma upande wa madirisha, asiyeona vizuri, asiyesikia vizuri, au asiye na akili, sijui, akapiga yowe:

"Kakasirika!"

"Kakasirika! Kasimama! Kalia!" Likalipuka. Meza zikapigwa, sufuria zikagongwa, Porojo wakamwagika mbele. Chumba cha ghorofani! Feni! Makoti wakaanza kubisha kwamba swali lilikwisha ulizwa, kwamba kengele ilishalia, na wengine wakaanza kusukumana kwa sheria ile ile ya kijinga. Walimnyanyua Kinanda mabegani. Alikuwa anasema, "Nishusheni, jamani, nishusheni," anawapiga vichwani kwa viganja, na wao wakadhani ni shangwe, wakazidi kumrusha.

Kibiriti akapita katikati yao. Hakuna aliyemzuia, uso wake haukuwa wa kuzuiwa. Akafika, akamshika mdogo wake kwenye ukosi wa shati, akamvuta chini kutoka mabegani mwa watu mpaka akaanguka kwa magoti mbele yake.

"Dada," Kinanda akasema. Alikuwa analia kama mtoto. "Dada, nisamehe. Watu walikuwa wananipotea. Haki ya Mungu, nilikuwa nimeshasahau kwamba ni mimi."

Alikuwa anasema kweli, na hilo lilimtia Kibiriti hasira kuliko uongo wote. Yeye hakuwahi kusahau hata siku moja.

"Inuka," akasema. "Kachukue begi. Kuna gari la saa tisa."

"Gari la wapi?"

"La nyumbani. Utakaa mbele ya baba, upande wa jicho lake zima, akuone. Utamwambia kwa mdomo huo huo ulioutumia hapa. Mimi nitakaa pembeni."

"Dada, nitaanzia wapi?"

"Wewe si ndiye unayejua kusimulia?" Bado alikuwa amemkamata ukosi, na mkono wake haukulegea. "Anzia kwenye ngoma. Na ukitia chumvi hata punje moja, nitakukatiza mbele yake."